Harufu ya Bahari kwa Nang Panyang

Kwetu Bohol, Ufilipino, neno ni moja kwa anayeuza na anayenunua: suki. Mimi ni suki wa Nang Panyang, na Nang Panyang ni suki wangu. Maana yake siendi kununua kwa jirani hata jirani akishusha bei, wala yeye hamwuzii mwingine hata huyo mwingine akipandisha. Hakuna karatasi. Kuna nyongeza tu: ukishapimiwa na kulipa, muuzaji anatupia kimoja cha bure juu ya mzigo. Siku asipotupia, ujue mambo yamekwisha.

Jina lake la ubatizo ni Epifania, lakini hilo linakaa kwenye kadi ya kura peke yake. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka sabini na mmoja. Anakaa juu ya kilima, pande za Bilar, nyumba ya mwisho kabla njia haijageuka kuwa ya mbuzi. Ana mikakao arobaini na kitu, paka mmoja mwizi, na mwana mmoja, Ramil, ambaye ni fundi wa melini na hupiga simu Jumapili kama meli imetia nanga mahali. Mumewe, Isko, alifariki miaka sita nyuma. Kofia ya Isko, ile ya ukindu yenye ukingo mpana, bado ilikuwa msumarini kando ya jiko. Siku moja niliichukua nimpepelee makaa, akaninyang'anya bila neno, akanipa kifuniko cha sufuria.

Kila Alhamisi ya pili, yaani mara moja kwa wiki mbili, nilipanda kule. Watu wa bondeni walisema nina moyo mzuri, namtembelea mama wa watu. Sikwenda kwa moyo. Nilikwenda kwa sababu kakao ile, akishaivundika siku sita kwenye kasha chini ya majani ya mgomba, akaianika, akaikaanga na kuimenya, ilikuwa haina mshindani kisiwani. Mimi nilianza na kikapu kimoja cha samaki wakavu sokoni Taboan, kule Cebu, nikakaa na samaki miaka kumi na mmoja. Sina kawaida ya kupanda kilima kwa ajili ya maongezi. Nilifika, nikapima, nikalipa, nikapokea nyongeza yangu, tabliya moja, kidonge cha kakao kipana kama kiganja cha mtoto, nikashuka kuwahi boti ya kuvuka kwenda Cebu.

"Kaa ule, Day," alikuwa akisema kila mara. Day ndivyo tunavyomwita mwanamke aliye mdogo kwetu, hata kama ana wajukuu; mwanamume mdogo ni Dong, na mwanamke mkubwa ni Nang au Manang.

"Siku nyingine, Nang. Boti haina suki."

"Siku nyingine imekuwa na miaka saba sasa."

Nilicheka, nikawasha pikipiki. Kukiri lazima nikiri: zaidi yangu hakuna aliyepanda kule. Padri alikuwa akifika mara moja kwa mwaka kubariki nyumba, naye hakuwa akikaa kula.

Mnunuzi wangu wa Cebu anaitwa Joven. Ana karakana ndogo ya chokoleti, duka chini, chumba cha kuonja juu. Ana mashine ya kusaga inayozunguka siku tatu mfululizo, lakini kukaanga hajui, na anajua kwamba hajui. Kwa hilo namheshimu. Hununua kakao iliyokwisha kukaangwa, huisaga na sukari, huimimina, huifunga kwa karatasi iliyochorwa ndege, huiuza kwa bei ambayo Nang Panyang nilipomtajia alidhani nataja bei ya katoni nzima.

Mwezi wa tisa Joven alinialika kwenye siku yake ya kuonja. Walikuwa watu kumi na wawili. Wanakaa mbele ya maji ya uvuguvugu na biskuti isiyo na chumvi, wanapewa kipande cha ukubwa wa ukucha, wanakivunja karibu na sikio wasikie mlio, wanafumba macho, wanaandika. Mimi hukaa nyuma, karibu na ngazi. Watu hawa wanapenda kujua kwamba kuna mtu aliyetoka na mzigo shambani, ila hawajui wamwulize nini.

Kilipofika kipande cha nne, cha kakao ya Nang Panyang, kalamu zilisimama. Kisha mama mmoja mwenye miwani, daktari wa meno ambaye hakosi hata siku moja, akasema polepole:

"Bahari."

"Naam," akasema jirani yake. "Mimi pia. Mwani. Mwamba uliopigwa na wimbi."

"Mimi nimemkumbuka bibi yangu," akasema mwanamume mmoja, na machozi yakamlengalenga. "Sijui kwa nini."

Joven alinijia pale ngazini, anaongea kwa pua kama mtu anayeficha cheko. "Manang Pinang, umewasikia? Bahari, kutoka kilimani. Muulize huyo bibi yako amefanyaje. Nataka viroba vitatu vya namna hiihii, na bei tutazungumza."

Bei tutazungumza ni maneno ninayoyapenda kuliko mengi. Lakini nilikuwa nimeshakitia kipande ulimini. Haikuwa bahari. Ilikuwa danggit, yule samaki bapa wa Bantayan, aliyepasuliwa mgongoni, akalala kwenye chumvi na kuanikwa juani siku mbili. Ningeweza kukutajia na kijiji. Na bibi wa yule bwana hakuwa na siri yoyote: kila bibi kwetu, mvua ikinyesha asubuhi, hupika uji wa mchele kwa kakao na kukaanga samaki mkavu pembeni. Utoto wetu wote uko kwenye sahani hiyo. Ila samaki na kakao hukaa sahani moja, havikai gunia moja. Kakao ina mafuta, na mafuta hayachagui rafiki. Ukiilaza karibu na moshi inalala na moshi, ukiilaza karibu na dizeli ndio imekwisha.

Nikafikiria nilivyouchukua mzigo ule. Nilikuwa nimechelewa. Nang alinitolea viroba hadi kwenye pikipiki, vimefungwa, nami sikufungua. Mnunuzi asiyefungua gunia asilie. Kisha nikakumbuka na jambo la pili, baya zaidi: danggit yule nilimpeleka mimi mwenyewe. Fungu la samaki ishirini, zawadi ya sikukuu ya mtakatifu wao, mwezi wa saba.

Alhamisi iliyofuata haikuwa zamu yangu, lakini nilipanda.

Nilipofika alikuwa jikoni, karai iko motoni, mwiko mkononi. Sikuwa nimevuka kizingiti bado harufu ilinipokea. Darini, juu kabisa ya nyungo za kakao iliyomenywa, fungu langu lilikuwa limening'inia kwa kamba. Samaki wote ishirini.

"Umekuja siku si yako," alisema, na uso ukamfunguka. Kisha ukajifunga tena. "Kuna nini?"

"Hakuna. Nang, yule danggit hukumla?"

"Paka. Chumba hiki ndicho kina mlango unaofunga."

"Sikuuliza kuhusu paka. Miezi miwili hukumla?"

Aligeuza kakao karaini mara mbili tatu. "Nilikuwa nakungoja tule wote. Samaki wa kukaanga mtu peke yake ni kelele tu za mafuta."

Mimi nikafanya kazi. Nikachota kiganja cha kakao kutoka ungo uliokuwa chini kabisa ya samaki, nikamsogezea puani. "Nusa. Nipe bei."

Alinusa. Alinusa vizuri, kama anavyonusa mjuzi: kifupi, kisha kirefu, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Asali. Na kwa mbali tamarindi, ukwaju ule mbivu. Hii ya wiki hii imekuja vyema kuliko zote, Day. Ongeza peso tano."

Kiganja changu kilikuwa kinanuka kama meza yangu ya zamani ya Taboan.

Nikakichukua kichupa cha siki ya tembo la mnazi kilichokuwa dirishani, ile kali ya kutoa machozi, nikazibua na kukiweka kimyakimya chini ya kidevu chake. Aliendelea kugeuza mwiko. Hakupepesa hata jicho.

"Tangu lini, Nang?"

"Tangu lini nini?"

"Siki iko chini ya pua yako."

Akatazama chini. Akaitoa karai motoni kwanza, maana kakao haijui habari za watu, akaimwaga kwenye ungo, ndipo akaketi.

"Tangu ile homa," alisema. "Mwanzoni mwa mwaka jana. Nilipona vyote ila hicho. Nikasema itarudi kesho, itarudi kesho. Nilipoona hairudi nikajifunza njia nyingine. Kwenye kasha natia mkono hadi kwenye kiwiko, nasikiliza joto. Rangi naiona nikipasua mbegu. Na karai najua kwa sikio. Mwaka na nusu, Day, na wewe na pua yako ya Taboan hukujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo, lakini siuzi kitu ambacho sina.

Mtandao pale hushika karibu na pipa la maji tu, kwa hiyo nilitoka nikampigia Joven pale uani. Nang alifuata akasimama mlangoni. Alisikia upande wangu peke yake.

"Dong, ile bahari yako ni danggit. Ndiyo. Samaki. Alining'inizwa juu ya kakao... Najua una vipande mia mbili rafuni. Vitoe... Wamevipenda leo, mwezi ujao mafuta yamechacha wanakuja kukurushia dirishani. Uongo hauna muda mrefu wa kukaa ghalani... Hapana, siwezi kukutengenezea mzigo mwingine wa namna hiyo kwa makusudi, na wewe usijaribu... Nyumba hii? Sawa. Nimeelewa. Sawa."

Nilipokata, Nang alikuwa amesharudi ndani.

"Amesema asiletewe tena kutoka hapa," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Amesema asiletewe kitu kilicholala hapa."

"Ndiyo hivyohivyo." Akaanza kukunja viroba vitupu, kimoja juu ya kingine, akavilainisha kwa mkono kama nguo zilizotoka kufuliwa. "Basi. Mtu asiye na cha kuuza si suki wa mtu. Hata kinyume chake. Ulikuwa mnunuzi mzuri, Day. Mgumu lakini hukudanganya mizani."

Ningeweza kuondoka hapo. Boti ya saa tisa ilikuwa bado. Nina wauzaji wengine wanane, na wote wana pua. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule ungo wa kakao aliyoitoa motoni huku tukizungumza, akiwa na siki chini ya kidevu na siri yake imeshafichuka. Nikaenda nikapasua mbegu moja. Nikapasua ya pili, kutoka upande mwingine. Ya tatu. Zote kahawia ileile mpaka kwenye moyo, hakuna iliyoungua, hakuna mbichi. Aliitoa kwa wakati wake hasa, na hata hakuwa akiitazama.

"Ulijuaje kwamba imeiva?" nikamwuliza.

"Mwanzo inapasuka moja moja, kama mtu anayevunja vijiti. Halafu inapasuka kwa pamoja. Halafu inanyamaza. Ukisubiri baada ya kunyamaza umechelewa. Inabidi uitoe kabla, ikiwa inataka kunyamaza."

"Inataka kunyamaza inasikikaje?"

"Kama mgeni anayetaka kuaga," alisema.

Nikakaa kwenye kigoda. Wanane wale wana pua, lakini wakikaanga wananiunguzia gunia moja katika matano, na hasara hiyo naibeba mimi. Nikapiga hesabu kichwani, nikairudia.

"Nang, tusikilizane. Nitaleta kakao ya wengine, imevundikwa na kukaushwa huko kwao. Wewe ukaange na kumenya. Hailali hapa hata usiku mmoja. Naileta asubuhi, naondoka nayo jioni. Zako mwenyewe mwuzie mtu wa bondeni zikiwa bado mbichi na ute wake, avundike yeye. Peso kumi na mbili kwa kilo."

"Ishirini na tano."

"Ishirini na tano unakaanga dhahabu?"

"Nakaanga kwa sikio. Tafuta mwingine mwenye sikio. Nenda, mlango uko wazi."

"Kumi na tano."

"Na kuni analipa nani?"

"Kuni zako unaokota bure."

"Mgongo unaookotea una miaka sabini na mmoja. Kumi na nane, na ule mzigo ulioharibika tunagawana hasara. Paa langu, samaki wako."

Hapo alinipata. "Kumi na nane," nikasema.

Aligundua jambo, nikaona linavyomjia usoni. "Kiroba kimoja ni kazi ya saa nne, tano. Wewe utakuwa wapi muda huo?"

"Nitakuwa wapi tena? Mzigo wangu siuachi penye paka."

Alisimama, akamshusha danggit kwa upawa. Wale wa nje walikuwa wameingia ukungu, tukawatupa. Wa katikati walikuwa wazima. Akawakaanga wanne. Akaweka mchele mweupe na tabliya tatu kwenye sufuria, akapika uji, na kwa ajili ya kinywaji akapekecha sikwate, kakao nzito ya moto, kwa kile kipekecho cha mti, mikono yake ikisugua mpini kama inaomba radhi, mpaka povu likapanda. Nikala. Boti ya saa tisa ilikwenda. Kuna ya saa kumi na mbili.

Yeye alikula taratibu, anatafuna kama anayetafuta kitu kilichopotea kinywani. "Chumvi naisikia," alisema. "Uchungu nausikia. Moto nausikia. Hicho cha katikati ndicho hakipo." Kisha akaniuliza, "Sikwate inanukia nini?"

"Kakao."

"Hilo si jibu. Wale wa Cebu wanasema vipi?"

"Wale wa Cebu walisema bahari."

Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi pia. Kisha akabaki ameniangalia, anangoja. Sina maneno ya kazi hiyo. Maneno yangu ni ya mizani. Nikavuta pumzi juu ya kikombe.

"Gunia jipya lililokaa juani," nikasema. "Na mkate ulioungua kidogo pembeni."

"Upande upi? Wa juu au wa chini?"

"Wa chini."

Akatikisa kichwa, akaridhika. "Basi moto ulikuwa mkubwa kidogo mwishoni."

Kabla sijaondoka alikwenda kando ya jiko, akaitungua ile kofia ya Isko msumarini. Aliishika kwa mikono miwili, ameigeuza, upande wa ndani umenielekea, pale panapokaa paji la uso.

"Nusa na hii," alisema. "Nipe bei."

Nilijua anachouliza. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema jasho, tumbaku, mafuta ya nazi ya nywele. Nilimfahamu Isko, ningepata cha kusema. Niliiweka puani. Nikanusa kifupi, kisha kirefu. Mwaka na nusu mwanamke yule alikuwa akiishi na kofia hiyo bila kujua kama ina mtu ndani yake.

"Kofia, Nang," nikasema. "Ukindu, na moshi wa jiko. Na danggit."

"Yeye hayumo."

"Hayumo."

"Nilidhani hivyo," alisema. "Nilitaka tu nisikie kwa mtu."

Alinipakilia mzigo mwenyewe, vile viroba vitupu alivyovikunja. Nilipokwisha kuufunga kwenye pikipiki akatoa tabliya moja mfukoni mwa aproni, akaitupia juu. Nikamwambia sijanunua kitu leo, hiyo nyongeza ni ya nini. Akasema nisimfundishe kazi yake.

Sasa ni mwaka wa pili tunaendelea hivyo. Joven hajui karai ni ya nani, anajua tu kwamba kakao yangu haiungui tena, na hajauliza, nami sijamwambia. Alhamisi ya pili nafika saa tatu, nakaa kwenye kigoda, nasema inanukia nini, ananisahihisha. Jioni nashuka. Siku kumi na tatu zinazobaki hazinihusu, na sijui anazipitishaje.

Ninachojua ni nilichokiona siku ile kwenye kioo cha pikipiki, nikiwa nimeshafika kona. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa amerudi kwenye jiko, makaa yamefifia, anayaamsha. Alikuwa anapepea kwa ile kofia.